Edipode ana kesi ya kujibu, msiusingizie utabiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu namna tamthilia za kale zinavyolinganishwa na kuigizwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia madarasa ya kidato cha tano na sita hadi vikundi vya maigizo vya Mbeya na Iringa. Ikitajwa tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, ile aliyoitafsiri S. S. Mushi ikachapishwa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode, jibu huwa liko tayari: dhamira ni majaliwa, mtu hakwepi alichoandikiwa. Macbeth wa Shakespeare naye anatiwa kapu hilohilo kwa sababu kuna wachawi, na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein kwa sababu kuna maji ya dawa ya vita vya Majimaji. Tamthilia tatu, jibu moja. Huo ni uvivu wa kusoma.

Tuangalie kinachotendeka jukwaani. Mtu wa kwanza anapofungua mdomo katika Mfalme Edipode, utabiri kwamba Edipode atamuua baba yake na kumwoa mama yake umeshatimia zamani, ila yeye hajui. Baba yake, mfalme Laius, ameshauawa, mjane wake Jocasta ameshaolewa na Edipode, watoto wanne wameshazaliwa. Hakuna mungu anayetokea. Kilichobaki ni upelelezi: tauni imeingia Thebes, mji wa Edipode, Creon, shemeji yake, amerudi kutoka Delphi, hekalu la utabiri la mungu Apollo, na agizo kwamba muuaji wa Laius asakwe, na mfalme mwenyewe anajipa kazi ya mpelelezi na hakimu kwa pamoja. Kabla hajasikia shahidi hata mmoja, ameshamlaani mtuhumiwa hadharani.

Someni ushahidi wenyewe jinsi unavyoingia. Creon anaeleza kwamba mtu pekee aliyenusurika alisema walivamiwa na majambazi wengi. Edipode anapojibu, anazungumzia jambazi mmoja. Hakuna anayemsahihisha. Baadaye Jocasta anapotaja njia panda alikouawa Laius, Edipode anashtuka, maana naye aliwahi kuua mzee njia panda, na kuanza kuhoji kama askari wa upelelezi: ni wapi, ni lini, Laius alikuwa na sura gani, alifuatana na watu wangapi. Anajibiwa kuwa walikuwa watano, mpiga mbiu akiwa mmoja wao, na gari la kukokotwa lilikuwa moja tu, la Laius. Mahali penyewe ni pale njia ya kutoka Delphi inapokutana na ile ya Daulia. Msomaji wa hapa hahitaji ramani: afikirie Makambako, barabara ya Njombe inapoungana na ile ya Iringa na Mbeya.

Tumaini lake sasa limebaki kwenye hesabu. Kama wauaji walikuwa wengi, si yeye, maana mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Kwa ajili hiyo anaitwa mchungaji, yule aliyenusurika. Mchungaji anakuja, na hakuna anayemuuliza swali aliloitiwa! Katikati ameingia mjumbe kutoka Corinth, mji alikolelewa Edipode, na swali limegeuka. Haulizwi tena nani alimuua Laius. Anaulizwa yule mtoto aliyetobolewa vifundo vya miguu, yaani Edipode mwenyewe, alimtoa wapi. Mpaka tamthilia inakwisha, idadi ya wauaji haijathibitishwa. Mwandishi makini kama Sophocles hakupitiwa hapo. Ametuonyesha hakimu anayejitia hatiani huku faili la kesi ya kwanza likiwa wazi mezani.

Na kosa lake hasa ni lipi? Kwa maelezo yake mwenyewe, alisukumwa atoke njiani, akampiga mwendesha gari, mzee akamchapa kichwani, naye akajibu kwa fimbo na kuua. Kanuni ya Adhabu yetu inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196. Athens nayo ilikuwa na mgawanyo wa namna hiyo tangu sheria za Draco, mtunga sheria wake, karne ya saba kabla ya Kristo. Kwa hiyo waliokaa kumtazama Edipode walijua kabisa kwamba kuna kuua na kuua. Sophocles alilirudia jambo hili uzeeni, katika tamthilia iliyoonyeshwa mwaka 401 kabla ya Kristo, yeye akiwa ameshafariki: Edipode kipofu anajitetea huko Colonus, karibu na Athens, kwamba alishambuliwa na kwamba hakujua anayempiga ni nani. Mwalimu anayetaka mada ya haki asiishie kwenye tamthilia ya kwanza. Azisome zote mbili, aone mtu yuleyule kwanza akijihukumu, kisha akikata rufaa.

Hata macho aliyojitoboa hayakuwemo katika utabiri aliopewa Delphi. Alipoulizwa ni nani aliyemsukuma, alijibu kuwa mateso yameletwa na Apollo, lakini mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Mpaka kati ya majaliwa na wajibu upo papo hapo, na ni mfalme anayeuchora.

Kwa Macbeth sitakawia. Wachawi wanamwambia atakuwa mfalme, hawamwambii aue. Mwenyewe anakiri mapema kwamba bahati ikitaka awe mfalme inaweza kumvika taji bila yeye kujishughulisha. Banquo, jemadari mwenzake, alikuwa pamoja naye, akaambiwa uzao wake utatawala, na hakumchinja mtu.

Kinjeketile ndiye mgumu, na anatuhusu zaidi. Hussein ameonya katika utangulizi wake kuwa mhusika wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905. Hata hivyo vita vyenyewe vilipanda mpaka huku. Septemba mwaka huo misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Katika tamthilia, Kinjeketile anatoa maji, kisha anawataka watu wasubiri. Hawasubiri. Edipode alilikimbia neno alilopewa. Kinjeketile amelitoa mwenyewe, likakua mpaka likamshinda. Mwishoni Mjerumani anataka akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa ameshaona watu walivyokufa, kwa sababu akikiri, wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Kusema hapo kuwa dhamira ni majaliwa ni kumnyang'anya uamuzi wake wa mwisho. Swali lake ni la maana: damu imeshamwagika, nani atasema ilimwagika kwa ajili gani?

Swali hilo lipo Thebes pia, ila linaulizwa na wazee, kundi la waimbaji ambalo vikundi vyetu hulikata ili kupunguza muda. Jocasta anapocheka utabiri, wazee hawafurahi. Wanasema kama matendo ya kudharau miungu namna hii yanaheshimiwa, wao wacheze ngoma ya ibada ya nini tena? Wanampenda mfalme wao, lakini utabiri ukiwa uongo ibada yao yote imekwenda na maji. Ukiwakata wazee, umekata mada ya maana ya maisha, ukabaki na hadithi ya mkosi. Enzi za Sophocles waimbaji walikuwa 15. Kwa jukwaa la bwalo la shule sita wanatosha, mradi wabaki jukwaani muda wote, wasiingie na kutoka kama kwaya ya mapumziko.

Makosa mengine ya maonyesho yana chanzo kilekile. Msimulizi akisimama mwanzoni na kueleza habari zote tangu mtoto alipozaliwa, upelelezi umekufa, maana kila shahidi anakuja kurudia kilichosemwa. Mjumbe wa Corinth na mchungaji wakiunganishwa kuwa mtu mmoja ili kuokoa waigizaji, hakuna tena wa kumbana mwenzake, na ukweli unatoka bila kukamuliwa. Kama waigizaji ni wachache, fanyeni kama Wagiriki: wasemaji watatu wabadilishane vinyago na nafasi, ila watu hao wawili wawe mbele ya Edipode kwa pamoja. Tiresias, yule mtabiri kipofu, asivalishwe hirizi na vibuyu akawa mganga anayeendesha mambo. Ni shahidi anayejua na hataki kusema mpaka atukanwe. Macho yatobolewe nje ya jukwaa, mtumishi aje aeleze zile pini za vazi la Jocasta. Rangi nyekundu inayomwagwa jukwaani huchekesha watazamaji wa viti vya mbele.

Mwisho nao huwa unabuniwa. Edipode hutolewa akipapasa kwa fimbo kwenda uhamishoni, wimbo wa huzuni unapigwa. Kwa Sophocles anaomba afukuzwe, na Creon anakataa mpaka kwanza Delphi iulizwe tena. Anarudishwa ndani ya nyumba, na binti zake wanaachanishwa naye. Hukumu aliyoitangaza mwenyewe haijatekelezwa.

Mpenzi wa tamthilia,
Iringa