Msiwanyamazishe wanaoshangilia wimbo siku unapotoka

Kwa Mhariri,

Kwa miaka mingi nimezisoma kurasa zenu za muziki bila kuwaandikia hata mstari mmoja, kwani niliamini kwamba kazi ya msomaji ni kusoma. Makala yenu kuhusu watu wanaoandika namna walivyoguswa na singo mpya, yaani nyimbo zinazotolewa mojamoja, siku ileile zinapotoka imenilazimisha kuvunja kimya hicho. Mwandishi wenu aliwaita watu hao wapambe, akadai kwamba furaha yao haimsaidii msomaji kwa lolote, na akashauri kwamba wimbo usijadiliwe hadi takwimu za wasikilizaji zitakapotulia. Mimi naamini kinyume chake. Furaha ya mtu anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza, ikiandikwa kwa makini, ni ushahidi usioweza kupatikana tena baadaye, na gazeti la muziki linaloukataa linajinyima habari.

Anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza hajui unakoelekea. Ngoma zinaponyamaza ghafla kabla ya kibwagizo cha mwisho, au sauti ya mwimbaji inapopanda pale ilipotarajiwa kushuka, mshtuko anaoupata msikilizaji ndio hasa uliokuwa ukitafutwa na waliokaa studio usiku kucha. Akishausikiliza mara ishirini, sikio limeukariri, na anachokiandika ni juu ya wimbo anaoufahamu kama nyimbo nyingine zote anazozifahamu. Mwandishi wenu anadhani kwamba kusubiri kunaisafisha hukumu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi. Basi anayesubiri miezi mitatu, huku wimbo ukipigwa redioni asubuhi na jioni, naye ana upendeleo wake, tofauti ikiwa ni kwamba upendeleo huo amejengewa na wenye uwezo wa kuurudiarudia wimbo masikioni mwake.

Kuhusu takwimu, jambo hilo limekwisha kupimwa. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio lililowahusisha watu zaidi ya 14,000, ambao walipewa nyimbo 48 za makundi yasiyojulikana wazisikilize na kuzipakua wazipendazo. Walioona idadi ya waliozipakua kabla yao waliifuata idadi hiyo. Nyimbo chache zikapaa kuliko ilivyokuwa kwa wale ambao hawakuonyeshwa kitu, na zilizopaa katika kundi moja hazikuwa lazima zilezile zilizopaa katika kundi lingine. Hizo ndizo takwimu ambazo mwandishi wenu anataka tuzisubiri kabla ya kufungua midomo.

Na singo yenyewe, tangu ilipozaliwa, imekuwa kitu cha kupokelewa papo hapo. Kampuni ya Marekani ya RCA Victor ilipoingiza sokoni santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, mwaka 1949, kila upande ulikuwa na nafasi ya dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo wimbo ulipaswa kujieleza. Kuanzia 1959 hadi 1967 televisheni ya BBC ilikuwa na kipindi cha Juke Box Jury, ambamo jopo lilisikiliza singo mpya na kutamka hapohapo kama itavuma au itadoda. Magazeti ya muziki ya Uingereza, NME na Melody Maker, yalikuwa na ukurasa wa singo za wiki, ambako mwandishi alikabidhiwa rundo la santuri na kuandika zilivyomgonga. Mwezi Septemba 1978 mtangazaji John Peel alipiga redioni wimbo wa The Undertones, vijana kutoka Derry, Ireland ya Kaskazini, ambao wimbo wao ulikuwa umetolewa na lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya Belfast, kisha akaupiga tena palepale. Hakungoja chati imruhusu. Muda mfupi baadaye lebo ya Sire ya Marekani ikawasainisha vijana hao. Nashindwa kuelewa ni kwa nini tendo linaloheshimiwa hivyo lilipofanywa na mtangazaji wa redio linageuka kuwa upuuzi linapofanywa na msikilizaji asiye na cheo.

Niseme na lililonipata mimi. Chapisho moja, ambalo silitaji, liliwaomba wasomaji walitumie maoni yao juu ya singo mpya, nami nikachagua wimbo wa dada mmoja asiye na lebo, aliyeutunga, kuurekodi na kuutoa mwenyewe. Niliusikiliza usiku ule ulipotoka na nikaandika kwa uangalifu mkubwa kila kilichonigusa: kwamba katika ubeti wa pili besi inaondoka kabisa na gitaa linabaki peke yake likipigwa kwa vidole, kwamba sauti yake ya pili, aliyoirekodi mwenyewe, inaingia chini ya ile ya kwanza ikiwa imechelewa kidogo, kana kwamba mtu wa chumba cha pili anamwitikia, kwamba kibwagizo kinarudi bila ngoma na ndipo nilipojikuta nimesimama katikati ya chumba nikiwa sijui nimesimama saa ngapi, na kwamba mstari wa mwisho unakatwa kabla ya vina kukamilika, jambo lililonifanya niurudie wimbo mara moja. Kilichochapishwa kilikuwa nyota nne na maneno mawili, "Wimbo mzuri." Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wasomaji hutazama nyota tu, na kwamba msanii mwenye wasikilizaji wachache kiasi kile hastahili aya nzima. Miezi kadhaa baadaye wimbo uleule ulipoanza kupendwa, chapisho hilohilo lilitoa ukurasa mzima juu yake, na nilipousoma nilizitambua sentensi nzimanzima za maelezo ambayo msanii mwenyewe alikuwa ameyaandika kujitangaza. Besi haikutajwa. Ile sauti ya pili haikutajwa. Mwandishi wa ukurasa ule hakuonyesha popote kwamba aliwahi kuusikiliza wimbo hadi mwisho, lakini huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mchambuzi, na aliyesimama katikati ya chumba ndiye anayeitwa mpambe. Hilo limenikaa moyoni tangu wakati huo, na makala yenu imelichokonoa upya.

Mjue pia kwamba msanii huru hana miezi ya kusubiri. Tangu Julai 10, 2015 Ijumaa imekuwa siku ya kutoa muziki duniani kote; zamani Uingereza ilitoa Jumatatu na Marekani Jumanne. Leo wimbo wa chumbani unatoka saa ileile na wimbo wa nyota mkubwa mwenye mabango kila mahali, na Ijumaa inayofuata zote mbili zinapisha nyingine. Kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, usikilizaji mmoja huhesabiwa zikishapita sekunde 30, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi. Kwa msanii wa aina hiyo, aya moja ya mtu aliyeguswa kwa dhati, ikitoka wikiendi ileile, inaweza kuwa ndiyo inayomvusha kwenye mstari huo.

Na tukiwa hapo, kuna lingine ambalo kurasa zenu zimelinyamazia. Santuri ya zamani ilikuwa na jina la mtunzi kwenye karatasi yake ya katikati, kwa herufi ndogo lakini lilikuwepo. Siku hizi nikitaka kujua ni nani aliyepiga besi iliyonisisimua, inanibidi nibonyeze kitufe baada ya kitufe, na mara nyingi sipati chochote. Nyinyi wenyewe hutaja jina la mwimbaji, na la prodyuza akiwa maarufu, mkaishia hapo. Mpiga ngoma naye ni mtu, na mara nyingine ndiye sababu ya furaha yangu yote.

Ninachoomba ni hiki. Tengeni ukurasa mmoja kila wiki kwa ajili ya singo zilizotoka Ijumaa, angalau nusu yake ikiwa ya wasanii wasio na lebo. Kila atakayeandika asikilize wimbo mara tatu na si zaidi. Ataje dakika na sekunde ya mahali palipomgusa, ili msomaji aende kupasikia mwenyewe. Ataje mtunzi, prodyuza na kila mpiga ala anayejulikana. Aandike maneno yasiyopungua 120. Nyota zisiwepo, wala idadi ya wasikilizaji. Baada ya wiki sita mwandishi yuleyule aurudie wimbo uleule na aseme kama furaha ipo au imekwisha, na maandishi yote mawili yachapwe bega kwa bega. Atakayeandika kwamba wimbo ni mzuri bila kusema ni mzuri wapi, arudishiwe karatasi yake aandike upya. Hapo nakubaliana na mwandishi wenu kwa sehemu, kwani sifa tupu zipo na zinachosha, lakini dawa yake ni kumdai mtu maelezo, na wala si kumfunga mdomo.

Ukurasa huo ukianza, naomba singo ya kwanza akabidhiwe mwandishi wa makala ile, nayo iwe ya msanii ambaye hajawahi kumsikia.

Wenu,
Msomaji wa miaka mingi