Jino la kwanza liling'okea kwenye basi langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Sina elimu kubwa ya mambo ya jamii. Ila kuna jambo ninaliona kila siku ya Mungu, jinsi watoto na wazazi wao wanavyokosa kuonana, na naamini wanaolizungumzia kwenye makongamano hawajaliona kwa macho, maana linatokea wakati wengi bado wamelala.

Tarehe 15 Mei, Siku ya Kimataifa ya Familia, nilikuwa nimefungua redio ya gari kwa sauti ya chini. Msemaji alikuwa akieleza kwamba familia ndiyo msingi wa taifa na malezi bora huanzia nyumbani. Ilikuwa saa kumi na moja na robo alfajiri, tupo Tegeta, bado giza. Nikatazama kioo cha ndani. Nyuma yangu kulikuwa na watoto 11 wamelala, vichwa vimeangukia madirishani na mabegani kwa wenzao. Mdogo wao ana miaka mitano. Mmoja akaanza kujigeuza kwa ile sauti, nikazima redio ili apate usingizi wake japo wa nusu saa.

Gari linalala kwangu, Boko. Naamka saa kumi, na kabla ya saa kumi na moja niko Bunju mlangoni kwa mtoto wa kwanza. Kutoka hapo narudi Boko, Tegeta, Kunduchi Mtongani, Africana, naingia ndani ndani huko Salasala na Mbezi Beach kuchukua waliobaki, ndipo tunaishika Barabara ya Bagamoyo hadi shuleni. Kengele inagongwa saa moja kasorobo. Ukichelewa dakika kumi Bunju, foleni ya Tangi Bovu itakudai arobaini. Jioni tunatoka shuleni saa tisa na nusu, na yule aliyepanda wa kwanza ndiye anayeshuka wa mwisho, saa kumi na mbili. Mvua ikinyesha ni saa moja usiku.

Nina watoto 34. Namjua anayetapika kwenye matuta, anayetaka kukaa dirishani, na anayelia Jumatatu tu. Wananiita Anko. Kwa kuwa mimi na matroni, anayewaangalia humo ndani ya basi, ndio watu wazima walio nao wakati akili zao zimetulia, habari zao zote tunazipata sisi kwanza: aliyepigwa na mwenzake, aliyepata 98 kwenye hesabu, ambaye bibi yake amelazwa, anayeogopa chumba chake usiku. Nasikiliza, najibu ninavyoweza, huku macho yako barabarani.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa kwenye foleni ya jioni pale Makonde. Nikasikia, "Anko, limetoka!" Mvulana wa darasa la kwanza, anayeshukia Kunduchi, alikuwa ameshika jino lake la kwanza kiganjani, mdomo una damu, uso umejaa furaha. Matroni akampa maji asukutue. Waliokuwa wamesinzia wote wakaamka kuja kuliona. Akaniuliza alifanyie nini. Nikamwambia ampelekee mama, yeye ndiye atakayemwambia, na kwamba sisi zamani tulikuwa tukilirusha juu ya paa na kuomba jingine. Akanijibu, "Mama anarudi nimeshalala. Baba yuko Dodoma." Baba yake ni mtumishi, alihamia na ofisi yake; familia ikabaki hapa.

Nilichana karatasi kwenye daftari langu la safari, nikalifunga lile jino, nikaliweka kwenye mfuko mdogo wa begi lake. Mhariri, nilijiona kama mtu aliyepokea kitu kisicho chake. Jino la kwanza la mtoto lina wenyewe.

Usiku ule, saa tatu na dakika kadhaa, simu ikaita. Alikuwa mama yake. Alilikuta jino mezani, mtoto amelala. Aliniuliza jino lilitoka vipi, kama mtoto alilia, na alisema maneno gani. Nilimsimulia kila kitu, hata ile sura yake ya kujivuna. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Asante, Anko," akakata.

Namtaja mama huyu kwa sababu sitaki msomaji adhani nawalaumu wazazi kuwa hawapendi watoto wao. Anafanya kazi mjini, Posta, na akitoka ofisini saa kumi na moja anafika Kunduchi saa mbili usiku. Amempeleka mtoto shule ya mbali ya mchepuo wa Kiingereza ili aje kuwa na maisha mazuri kuliko yake. Kila hatua aliyoichukua, ukiitazama peke yake, ni ya mzazi mwema. Ila ukizijumlisha zote, mtoto anamwona mama yake akiwa macho Jumamosi na Jumapili, tena Jumamosi nyingine ana masomo ya ziada.

Siku moja nilikaa chini ya mwembe pale shuleni nikisubiri saa tisa, nikapiga hesabu. Mtoto wangu wa Bunju anaondoka kwao kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni. Ni saa 13 kwa siku, saa 65 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mimi, mwanamume wa miaka 47, nisifanyishwe kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki, zikizidi ni saa za ziada na nilipwe. Huyu wa Bunju ana miaka sita.

Serikali ilifanya jambo jema sana mwaka 2023 ilipokataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia mwezi Machi. Nalisema hili kwa sauti kwa kuwa wapo walionung'unika. Tangazo lile liliniletea abiria wapya, mmoja wao msichana wa miaka minane aliyekuwa bweni tangu akiwa na mitano. Wiki za mwanzo alikuwa akiomba ruhusa kwa kila kitu. "Naomba kufungua dirisha." "Naomba kunywa maji yangu." Mama yake aliniambia getini kwao kwamba nyumbani, kila asubuhi, anatandika kitanda halafu anasimama pembeni yake mikono nyuma, anasubiri kukaguliwa. Mama alisimulia hayo akifuta macho kwa ncha ya khanga. Ulipita karibu muhula mzima. Kisha asubuhi moja msichana akapanda basi akiongea mwenyewe, hakuulizwa, anamweleza matroni jinsi walivyopika chapati yeye na mama yake, na yake ilivyotoka na umbo la kiatu. Tangu siku hiyo hajaniomba tena ruhusa ya kunywa maji.

Sasa ndipo lilipo jambo langu. Tuliwatoa watoto bweni, lakini kwa wengi nyumba yenyewe imekuwa bweni, mahali pa kulala na kubadilisha sare. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Mimi naona kuishi na mtu maana yake ni kuwa naye akiwa macho. Kula naye, kumwona akikosea, kumsikia akiuliza maswali yasiyo na mwisho. Watu walalao nyumba moja bila kuonana ni wapangaji.

Zamani pengo la mzazi lilizibwa na watu wengine nyumbani. Sensa ya 2012 ilionyesha wastani wa watu 4.7 kwa kaya, na ile ya 2022 ikaonyesha 4.3. Tofauti ni ndogo ukiiandika, lakini mimi naiona milangoni. Bibi yuko kijijini, shangazi ana mji wake, binamu amepanga chumba Mabibo. Kati ya nyumba 18 ninazosimama, mlango hufunguliwa na dada wa kazi katika 10. Nao ni mabinti wadogo, wengine miaka yao haijazidi 20, wameziacha familia zao Singida au Iringa kuja kulea za wengine.

Nisije nikaonekana nasema ya wenzangu tu. Mimi ni baba wa watoto watatu. Mwaka juzi mwalimu wa mwanangu wa pili alinipigia simu niende shuleni. Nikaambiwa kijana haoni ubaoni, na kwamba muhula mzima amekuwa akinakili kwa jirani yake. Nilikaa kwenye kile kiti nikashindwa kuinua uso. Mimi ninayejua macho ya watoto 34, nani ameamka na homa na nani hakulala, sikujua kwamba wa kwangu haoni. Nilikuwa nikitoka amelala, narudi nimechoka, namuuliza, "Shule vipi?" anasema, "Poa," nami naingia kulala. Siku niliyompeleka kuchukua miwani alisimama nje ya duka akisoma mabango ya barabarani kwa sauti, moja baada ya jingine. Nikamwacha asome yote.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo nyumbani. Chakula cha usiku kinaliwa saa moja na nusu, wote, kwenye sinia moja, simu zote ziko juu ya kabati, ya kwangu ikiwemo. Wazazi wa kwenye basi wakinihitaji wanapiga baadaye. Mwanzoni watoto walikuwa wakila haraka waondoke. Sasa mama yao ndiye anayewafukuza wakalale. Na huyu wa mwisho tulimwandikisha shule ya serikali ya hapa mtaani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Darasa lao lina watoto wengi, sifichi, na jioni inanibidi nikae naye kwenye madaftari. Lakini anaamka saa kumi na mbili, anakunywa chai na mama yake, na saa tisa alasiri yuko nyumbani anacheza mpira.

Hilo la sinia nililitoa kwa baba yangu. Alikuwa mkata mkonge kule Muheza. Alitoka alfajiri, akimaliza ngwe yake anarudi, saa nane mchana yupo. Alikuwa mkali, alituchapa kwa makosa ambayo leo nisingemchapia mtoto, na mama alikula baada ya sote kushiba, jambo ambalo mimi nyumbani kwangu nimelikataa. Lakini kila jioni alimuuliza kila mmoja wetu, kuanzia mdogo: "Leo umeona nini?" Ilikuwa lazima uwe na kitu. Tulikuwa tukienda njiani tunatafuta cha kumwambia baba: kinyonga, gari lililokwama, mzee aliyeanguka na baiskeli. Mpaka leo nikiona kitu cha ajabu barabarani, kuna sehemu ndani yangu inakiweka akiba kwa ajili ya jioni, na mzee amefariki tangu 2009.

Ndugu Mhariri, nawaomba wenye shule wafikirie mambo mawili. Kengele ya wadogo, awali hadi darasa la pili, iende saa mbili asubuhi. Na pale ambapo njia ni ndefu kama yangu, igawanywe kwa magari mawili. Najua mafuta ni gharama, mimi ndiye ninayeyajaza. Niliwahi kulitoa wazo hili kazini kwangu nikaambiwa wazazi hawajalalamika. Basi wazazi, lalamikeni. Kwenye kikao cha wazazi huwa mnauliza ada, mitihani na sare, na ni haki yenu. Ulizeni pia mtoto wenu anaamka mapema kiasi gani kuliko watoto wa nyumba ya jirani.

Kwa waajiri nina machache, maana sijui ofisi zinavyoendeshwa. Mwanangu wa mwisho alipozaliwa nilipata siku zangu tatu za likizo ambazo sheria inampa baba, na nilizitumia zote kukimbizana na hospitali na soko. Mwenye uwezo wa kumruhusu mzazi wa mtoto mdogo atoke saa tisa na nusu hata siku moja kwa wiki, ampe. Nawaona wazazi wanaofanikiwa kuwahi siku moja moja. Mtoto akimwona mama yake amesimama getini basi likifika, anasahau begi, anasahau chupa ya uji, anashuka mbio mpaka matroni anamfuata na vitu vyake mkononi.

Na kwa wazazi ambao hawana namna yoyote kwa sasa, nao ni wengi, ombi langu ni dogo. Asubuhi gari likifika, usimtume dada peke yake kumleta mtoto. Toka nawe, hata kama umejifunga khanga na hujanawa uso. Mlete mpaka mlangoni kwa mkono wako, umwambie neno, na mimi uniambie amelala vipi. Nitasubiri. Dakika hizo mbili nitazifidia Africana.

Dereva wa basi la shule,
Boko, Dar es Salaam.