Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya kupasua sikio, pimeni na usawa wa mwili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mtu mzima ninayesikia kwa kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa sikioni kwa upasuaji ili kuamsha neva ya kusikia kwa umeme. Kifaa hiki kimenirudishia mazungumzo, na walionipasua nawashukuru kwa dhati. Ninalolileta kwako ni lile ambalo sikuelezwa kabla ya kutia saini: sikio la ndani lina kazi mbili, na upasuaji unaweza kuigusa hata ile ya pili.

Koklea, sehemu inayosikia, na viungo vinavyotuweka wima wanaishi nyumba moja na kushirikiana majimaji. Kuna mifereji mitatu inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vinavyohisi mwendo na mwinamo. Kifuko kimoja, sakuli, kiko jirani kabisa na njia ya elektrodi, ule uzi wa kipandikizi unaoingizwa ndani ya koklea, na ndicho kinachoathirika mara nyingi zaidi. Wengi hupata kizunguzungu mwanzoni, kikaisha baada ya siku au wiki chache. Wengine hubaki na kuyumba. Mimi ni mmoja wao. Mchana natembea vizuri, ila taa zikizimwa mkono wangu hutafuta ukuta. Nikifumba macho kunawa uso, sharti niegemeze bega mahali, kwa kuwa macho ndiyo yaliyorithi kazi ya sikio. Nilipoeleza hayo kliniki, niliambiwa ni wasiwasi tu.

Kupima usawa si jambo geni. Robert Bárány alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake juu ya viungo hivi, na kipimo chake cha kutia maji ya vuguvugu na ya baridi sikioni kinatumika hadi leo. Siku hizi ipo pia miwani yenye kamera inayofuatilia macho huku kichwa kikigeuzwa ghafla, na haichukui muda mrefu.

Kinachonitia hofu zaidi ni sikio la pili. Kama sikio la kwanza lilishapoteza usawa, la pili ndilo linalombeba mgonjwa, na kulipasua bila kupima ni kuhatarisha yote mawili. Fikiria mtoto aliyepata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo. Huenda ugonjwa wenyewe ulishaharibu usawa wake, ndiyo maana amechelewa kutembea, na watu wanamwita mvivu. Mtoto kama huyo akizama majini macho yamefumbwa, anaweza asijue juu ni wapi. Mzazi wake hana budi kuambiwa. Najua pia homa hiyo huweza kuifanya koklea igeuke mfupa, kwa hiyo upasuaji wake hausubiri. Vipimo vifanywe upesi, visigeuke kisingizio cha kumchelewesha.

Kuhusu usikivu wa asili ambao mgonjwa bado anao kabla ya upasuaji, hasa wa sauti nzito: tangu miaka ya 1990 madaktari wamekuwa wakijitahidi kuulinda kwa elektrodi nyembamba, kwa kuingiza polepole, na kwa dawa za steroidi zinazopunguza uvimbe. Ukisalimika, huweza kutumika pamoja na umeme wa kipandikizi, na muziki hufaidika sana. Hata hivyo unaweza kupotea miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayeupima. Sikio lililopasuliwa lipimwe bila kifaa siku kinapowashwa, na lirudiwe mwaka unapotimia.

Naomba mwongozo wa wizara ulazimishe kupima usawa kabla na baada ya upasuaji, na tena kabla ya sikio la pili. Anayeyumba apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji. Ubongo hujifunza upya kusimama ukifundishwa mapema.

Vifaa na mafunzo vitachukua muda, naelewa. Fomu ya ridhaa inaweza kubadilishwa mwezi huu: iandikwe wazi, kwa lugha ya mgonjwa, kwamba usawa na usikivu uliobaki vinaweza kupungua, na aonyeshwe wa kumwendea vikipungua.

Wako,
Mtumiaji wa kipandikizi cha koklea