Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mgeni Rasmi, Newala

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na majirani wa shule,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kupanda huku juu wakati wa masika, barabara ikiwa kama unavyoijua. Tumeambiwa na wewe ulisoma huku Kusini enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati abiria walilala ukingoni mwa Rufiji wakisubiri maji yapungue. Kwa hiyo habari za ugumu wa safari hatutakusimulia sisi. Tunaomba tu utuvumilie tukiwakumbuka waliotupokea hapa na tulioishi nao.

Wengi wetu hatukuichagua Newala. Majina ya waliopangiwa kidato cha tano yalipotoka TAMISEMI, mtu alitafuta jina lake, akaangalia kombi, yaani mchanganyiko wa masomo yake, akaangalia shule, kisha akauliza watu wazima Newala iko wapi. Mwenzetu mmoja wa HGL aliyetoka Muleba anasema shangazi yake aliangua kilio sebuleni. Kila nyumba neno lilikuwa hilo hilo: mbali. Tulipofika tukawaambia wenyeji wetu kwamba wanaishi mbali, nao wakashangaa, maana kwa hesabu yao wao wako palepale walipozaliwa, na aliye mbali ni huyo wa Muleba.

Tuliingia mwezi Julai. Waliopitia Mtwara mjini walikuta lami inaishia Mnivata, na kutoka hapo tranka, mtu na godoro vikawa rangi moja ya udongo. Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa wamejiandaa kwa joto la pwani. Fomu ya kujiunga ilitaja sweta, wao wakadhani ni makosa ya uchapaji. Usiku wa kwanza ukungu ulishuka juu ya uwanda wa Makonde, na asubuhi kwenye paredi tuliona watu wamejifunga mashuka mabegani. Wa Mbeya walicheka sana. Wa Mbeya hucheka kila penye baridi, hiyo ni tabia yao na tumeizoea.

Ndugu Mgeni Rasmi, waliotufundisha kuishi hapa ni wenzetu wa Newala, Tandahimba na Masasi. Walituonyesha ming'oko, ile mizizi ya porini, na namna ya kuila, na jinsi ya kuoga kwa nusu ndoo na maji ya kufua soksi yakabaki. Oktoba mikorosho ilipozaa, vijana wa bara walistaajabu kukuta korosho inaning'inia nje ya bibo, wakati miaka yote walidhani iko ndani kama kokwa ya embe. Mmoja, ambaye leo amevaa joho na hapendi jambo hili litajwe, aliing'ata mbichi na ganda lake. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Alikaa siku kadhaa midomo imevimba, akijibu maswali ya mwalimu kwa kutikisa kichwa. Baadaye wenyeji walimfundisha kukaanga korosho juu ya kipande cha bati, na sasa anaiangalia ile iliyowekwa kwenye pakiti kwa dharau ya mtu aliyezaliwa Kitangari.

Kuhusu walimu tungeweza kusema mpaka jioni. Mwalimu wa Biolojia hakuridhika na michoro ya ubaoni. Julai na Agosti, mashine za kupulizia zinapovuma mashambani na harufu ya salfa ikaingia hadi darasani, alitutoa nje akatupeleka mikoroshoni. Akatushikisha ua lenye vumbi jeupe, akasema, "Huyu ndiye fangasi mnayemkariri. Kwenye karatasi anakupa alama mbili, huku anamla baba yako ada ya mdogo wako." Huo ndio ubwiriunga, na tangu siku hiyo hakuna mwana CBG aliyekosea swali lake. Wawili wao wanasema shabaha yao ni kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Tunawaombea.

Mwalimu wa Jiografia alitupeleka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Tulikwenda na madaftari, tukarudi na picha za simu ya mwalimu na swali moja kuhusu maporomoko ambalo mpaka leo hatujalijibu vizuri.

Mwalimu wa Historia yeye alifanya jambo ambalo hatujasikia likifanyika kwingine. Tulikuwa tunasoma vita vya ukombozi wa Msumbiji, vile vya 1964 hadi 1974, na tunaandika noti kama kawaida. Akagundua kwamba babu yetu mlinzi wa getini alikuwa mtoto katika kijiji cha bondeni wakati wakimbizi wanavuka Ruvuma. Alimwita darasani, akampa kiti chake, yeye akakaa nyuma na wanafunzi. Babu alieleza wakimbizi waliopokelewa kijijini walilala wapi, walikula nini, na nani katika ukoo wake alioa kati ya wageni wale. Kengele ya kipindi ililia, hakuna aliyeinuka. Babu, tunajua uko getini unasikia kipaza sauti. Shikamoo.

Wa HGE nao walikuwa na shule yao ya pili, nayo ni mnada wa korosho. Siku ya mnada bei iliandikwa pembeni ya ubao kabla hata ya tarehe. Mwalimu wa Uchumi alitumia bei hiyo kufundisha mahitaji na ugavi, halafu akauliza kwa nini mkulima aliyeona bei ya mnadani anapata pungufu mkononi. Waliojibu vizuri walikuwa watoto wa wakulima, kwa sababu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, na makato yake wameyaona nyumbani kwenye karatasi za baba zao. Tuseme ukweli pia kwamba hata michango yetu ilifuata kalenda hiyo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 na tunaishukuru Serikali, lakini daftari, nauli na sabuni havikufutwa. Mzazi wa huku akisema "subirini mnada", shule ilimwelewa. Wazazi wa bara wasiolima korosho nao wakajifunza kusema hivyo hivyo, na hilo Mkuu wa Shule amelikataa.

Yapo yaliyokuwa magumu. Maji ya uwanda huu yanasukumwa kutoka mabondeni, na mitambo ikisimama ndoo zinapanga foleni kuliko watu. Kuna nyakati mabweni ya wasichana yaliamka saa tisa usiku kuwahi bomba, na kufika kipindi cha kwanza macho hayafunguki. Wanafunzi wa PCB walikaa muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia. Walichofanya ni kugawana mada: kila mmoja alisoma yake, akasimama ubaoni kuwafundisha wenzake, akapigwa maswali mpaka akatoka jasho. Madesa yao yameandikwa kwa mkono na yamebaki maktaba kwa ajili ya kidato cha tano. Kisha akaja mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo na anayesubiri ajira, anayelipwa posho na michango ya wazazi. Prepo yake huisha taa zikizimwa, na taa zikizimwa huendelea na tochi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja wa HGK, kijana wa Tandahimba, hayupo kwenye viti hivi. Aliugua likizo ya Desemba, na Januari tulikwenda kumzika, darasa zima na walimu, juu ya Fuso la mzazi mmoja. Ndiye aliyekuwa akitutania kwa kuiga sauti ya kila mwalimu wa zamu, na walimu wenyewe walikuwa wakimsikiliza dirishani. Mama yake yuko hapa, amekaa mstari wa pili. Tumemwalika sisi wanafunzi. Majina yatakapoitwa, la mwanawe litaitwa kwa mpangilio wa herufi kama mengine, na mama atapita kulipokelea. Tulitaka kuomba ukimya wakati huo. Mama amekataa. Ameomba vigelegele, kama wenzake. Kina mama wa Newala, tunawategemea.

Tunawashukuru wapishi wetu, ambao maharage yao tuliyasema sana na bado tuliyamaliza. Matroni, aliyejua nani anaumwa kweli na nani anakimbia Hesabu. Na wadogo zetu wa kidato cha tano waliopika na kufagia leo. Mwezi Mei tunaingia kwenye mtihani wa taifa. Baada yake wengi tutakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, halafu kila mmoja na alikopangiwa. Safari hii hatutauliza ni mbali kiasi gani.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamati ya mahafali ilishauri tuombe basi la shule, kwa sababu risala nyingi huomba basi. Tulilijadili bwenini, tukaona basi lisubiri. Maombi yetu ni mawili. La kwanza ni mifereji ya bati kwenye mabweni mawili ya wasichana na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Mvua ya masika unayoiona leo inamwagika kutoka kwenye mapaa hayo na kupotelea mchangani. Mafundi wapo hapa hapa, na wazazi wameahidi mchanga, kokoto na nguvu kazi. Tunachokosa ni matangi, mifereji na saruji.

La pili si la fedha zako. Ajira za walimu zitakapotangazwa, tunaomba utusaidie kulifikisha panapohusika jina la mwalimu wetu wa Fizikia wa kujitolea. Barua ya Mkuu wa Shule, yenye sahihi za wanafunzi wote wa PCB, imeambatanishwa na nakala ya risala hii utakayokabidhiwa sasa. Yeye mwenyewe hakujua kwamba tungelisema hili, na tunaona ameshainamisha kichwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Kidato cha Sita