Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Kabla ya kuchora reli nyepesi ya Dar es Salaam, tujue nani mwenye njia

Mheshimiwa Waziri,

Kila reli nyepesi, yaani treni za mijini zinazopita barabarani, inapotajwa kwa Dar es Salaam, mabishano huanzia kwenye ramani. Ipite Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo? Ianze uwanja wa ndege au Mbagala? Kila diwani hutaka kituo. Mabishano hayo ni halali, lakini siyo yanayokula fedha. Yanayokula fedha ni haya: nani mwenye mamlaka juu ya ukanda ambao reli itapita, na nini lazima kiamuliwe kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo. Tunakuandikia kukuomba uyalete hayo mezani kwanza.

Tazama hali ilivyo leo. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa iliyokuwa Halmashauri ya Jiji na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji, Dar es Salaam haina baraza moja linalosimamia mji wote. Reli ya kutoka Stesheni hadi Kimara kwa kufuata Barabara ya Morogoro itapita Ilala, Kinondoni na Ubungo. Barabara kuu ni ya TANROADS, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa ni za TARURA na mabasi ya mwendokasi ni ya DART, na wote wawili wako TAMISEMI. Shirika la reli, TRC, na mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, LATRA, wako kwako. Chini ya lami kuna mabomba ya DAWASA na juu kuna nyaya za TANESCO. Kila mmoja wa hawa anaweza kuusimamisha mradi, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuusukuma peke yake. Barua ya ushirikiano kati ya makatibu wakuu haitoshi. Inahitajika mamlaka moja yenye nguvu ya kisheria ya kuagiza bomba lihamishwe, mataa yapangwe upya na kibanda kiondolewe, na yenye fungu lake la kulipia kazi hizo.

Edinburgh, Scotland, walilipa sana kwa kukosa hilo. Mwaka 2007 serikali ya Scotland, isiyo na wingi wa wabunge, ilitaka kuufuta mradi wa tramu, yaani reli nyepesi ya mji huo, lakini Bunge likapiga kura kuizuia isiufute. Serikali ikaweka ukomo wa mchango wake kuwa pauni milioni 500, kisha ikaiondoa Transport Scotland, taasisi yake yenye utaalamu, katika usimamizi. Mkataba ukasainiwa Mei 2008 huku kazi ya kuhamisha mabomba na nyaya ikiwa bado haijakamilika. Mkandarasi akakuta chini ya barabara vitu visivyokuwa kwenye michoro, kampuni ya halmashauri iliyosimamia mradi ikakataa kubeba gharama, na kazi ikasimama huku barabara zikiwa zimechimbwa. Bajeti ya pauni milioni 545 ikawa 776, na njia iliyofunguliwa Mei 2014 ilikuwa ya kilomita 14 tu, fupi kuliko ile iliyoahidiwa. Ripoti ya uchunguzi ya Lord Hardie ya mwaka 2023 iliwagawia lawama kampuni hiyo, halmashauri na mawaziri. Lakini kipande cha kwenda Newhaven, kilichofunguliwa Juni 2023, kilimalizika ndani ya bajeti yake ya pauni milioni 207. Kwa hiyo mji ni ule ule na barabara ni za aina ile ile. Kilichobadilika ni maandalizi.

Kwa Dar es Salaam, maandalizi maana yake ni kuchimba. Bamba la zege linalobeba njia mbili za reli huwa na upana wa mita 7 hadi 8 na hushuka karibu sentimita 60 hadi 80. Chochote kinachobaki chini yake hakitafikika tena bila kusimamisha treni, kwa hiyo bomba kuu la maji haliwezi kuachwa hapo hata likiwa zima. Michoro ya zamani haiaminiki. Yachimbwe mashimo ya majaribio kwenye kila makutano, na kila mahali ambapo michoro miwili inapingana, tena kabla ya kutangaza zabuni. Kuna na jambo linalosahaulika hadi miaka kadhaa ipite: reli nyepesi hutumia umeme wa volti 750 wa mkondo mnyoofu, na mkondo huo hurudi kwenye kituo cha umeme kupitia reli zenyewe. Reli isipotengwa vizuri na ardhi, sehemu ya umeme huvuja na kufuata mabomba ya chuma yaliyo jirani, na pale unapotoka hulitoboa bomba. DAWASA wawepo kwenye usanifu wa kutenga reli tangu siku ya kwanza, na vipimo vya uvujaji vifanywe kabla mabomba hayajafukiwa.

Sasa makutano. Treni kila dakika 5 kwa kila upande ni treni 24 kwa saa kwenye makutano mamoja. Ikiwa kila moja inahitaji sekunde 40 za kufungiwa njia, ni dakika 16 katika kila saa. Hilo linawezekana kama mataa yanaiona treni ikija na kuipa nafasi ndani ya mzunguko wake. Dar es Salaam, saa za msongamano, trafiki huzima mzunguko huo na kuongoza magari kwa mkono, akiuruhusu kila upande kwa muda anaouona unafaa. Tunaelewa kwa nini wanafanya hivyo, lakini treni ikishikiliwa dakika 4 Magomeni, iliyo nyuma yake huikaribia, inayofuata hukuta abiria wa treni mbili kituoni, na baada ya nusu saa ratiba haipo. Kwa hiyo kila makutano yawe na uamuzi ulioandikwa: reli inapita juu, inapita chini, au inapita usawa wa barabara na Jeshi la Polisi limekubali kwa maandishi kutoongoza kwa mkono hapo. Madereva wa bodaboda watakatiza popote penye uwazi, na dawa yake si uzio pekee. Addis Ababa walizungushia njia yao ya reli nyepesi uzio mrefu, watembea kwa miguu wakabaki wakizunguka mbali ili kuvuka barabara moja. Vivuko viwe vya karibu na vya usawa wa ardhi pale wanapovuka watu wengi.

Tunakuomba pia ukatae jibu rahisi kwamba reli tayari ipo. Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu: ya TRC ya zamani yenye milimita 1,000, ya TAZARA iendayo Zambia yenye 1,067, na SGR, reli mpya ya umeme, yenye 1,435. Treni ya Ubungo iliyoanza mwaka 2012 enzi za Waziri Mwakyembe ilionyesha kwamba abiria wapo, ila ilitembea kwenye njia moja iliyojengwa kwa ajili ya treni za masafa marefu. SGR nayo, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ni njia kuu moja ya kilomita 205 yenye sehemu za kupishana. Ukiipachika treni ya mjini kila dakika 10, unaondoa nafasi ya treni ya Dodoma na ya mizigo. Umeme wake ni volti 25,000, na behewa jepesi la mjini halijaundwa kuhimili kugongana na treni ya mizigo. Ukanda unaweza kutumika pamoja. Njia yenyewe hapana.

Na pale penye mwendokasi, hesabu ifanywe hadharani. Treni ya mita 30 hubeba watu kama 250 wakibanana. Kila dakika 6 ni watu 2,500 kwa saa kwa upande mmoja. Basi refu la mita 18 linalobeba watu 140, likipita kila dakika mbili, hubeba 4,200. Reli nyepesi huanza kushinda pale treni mbili zinapounganishwa na kupita kila dakika 3, yaani watu 10,000. Hilo linataka majukwaa ya mita 60 tangu mwanzo na treni za kutosha. Kwa njia ya kilomita 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, na dakika 10 za kugeuza kila mwisho, mzunguko ni dakika 140. Kwa treni kila dakika 5 unahitaji 28 barabarani, na nne au tano zaidi karakana. Mpango unaotaja treni 15 kwa njia kama hiyo unaahidi kusubiri dakika 10 hata kama hausemi hivyo.

Addis Ababa ilizindua njia yake Septemba 2015, ikiwa na treni 41 na gharama ya dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo kutoka Exim Bank ya China. Nauli ilikuwa birr 2 hadi 6, mkopo ni wa dola, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikupatikana. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni hizo ilikuwa imeegeshwa. Mkataba wetu uwe na vipuri vya miaka 10, michoro ya kutosha kwa mtengenezaji mwingine kuvitengeneza, na mashine ya kuchonga magurudumu ndani ya karakana. Gurudumu lililopata bapa kwa breki za ghafla huigonga reli kila linapozunguka, na huharibu vyote viwili. Karakana hiyo isijengwe bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Jangwani, kwenye bonde hilo hilo, yameshatugharimu mabasi ya mwendokasi.

Kuhusu fidia tuwe wakweli: ubomoaji wa Kimara wa mwaka 2017 haujasahaulika, na hoja kwamba mtu yumo ndani ya hifadhi ya barabara haitamaliza mgogoro kwa sababu tu iko sahihi kisheria. Uthamini wa fidia huisha muda baada ya miaka miwili. Usifanyike kabla fedha hazijawekwa kando, la sivyo watu watakatazwa kujenga na kupangisha kwa miaka mingi wakisubiri kuthaminiwa upya.

La mwisho ni majaribio. Ottawa, Kanada, ilifungua njia yake ya reli nyepesi Septemba 2019, na tume ya uchunguzi baadaye ikabaini kwamba vigezo vya kufaulu siku 12 za majaribio vililegezwa bila baraza la jiji kuambiwa. Milango ikakwama, na mwaka 2021 treni zikaacha reli mara mbili. Vigezo vya majaribio ya Dar es Salaam vichapishwe pamoja na mkataba: siku ngapi mfululizo, asilimia ngapi ya safari kwa wakati, na nani anasaini. Badiliko lolote lipelekwe kwenye Kamati ya Bunge ya Miundombinu kabla ya abiria wa kwanza kupanda, hata kama tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahandisi na wapangaji wa usafiri, Dar es Salaam