Fundi, usinunue hilo begi kwanza

Fundi wangu,

Mambo vipi huko Boise, Idaho, mama watoto na vijana wazima? Huku Missoula, Montana, tupo, baridi bado ya kitoto lakini asubuhi kioo cha gari kina barafu ya kukwangua, na mi ikifika hii miezi akili haipo kazini tena, ipo mlimani.

Voisi yako nimeisikiliza nikiwa kwenye foleni nikacheka peke yangu mpaka mtu wa mbele akageuka, eti umepasi kozi ya uwindaji, tagi ya elki unayo, yaani kibali cha kuwinda yule mnyama kama kulungu mkubwa wa huku Marekani, na sasa umeona begi la mgongoni la kubebea nyama la dola 600 unataka nikwambie uchukue la kijani au la kahawia. Nikaona hii siwezi kukujibu kwa voisi, nikuandikie barua kabisa uisome umekaa, na pia humu kwenye bahasha kuna kitu nimekuwekea kwahiyo usiichane kwa fujo.

Usichukue la kijani wala la kahawia. Nenda kwenye maduka ya mitumba hapo kwenu, pita nguo, pita vyombo, nenda kule mwisho kwenye masanduku ya safari na vitu vya kambi, utakuta begi la kizee lina mabomba ya alumini yanaonekana kwa nje, limefifia rangi, watu wanalipita kama halipo. Hilo ndo begi. La kwangu ni Kelty ya zamani, hiyo ni kampuni ya mabegi ya mgongoni, nililipa dola 12, na yule dada wa kaunta aliniuliza kama nalinunua kwa ajili ya kupamba ukuta.

We kule kambini Nyarugusu, Tanzania, umetengeneza baiskeli miaka mingapi? Basi hii kitu utaielewa kuliko hawa wanaouza. Hizi fremu za zamani ni keria. Sio begi, ni keria. Chukua keria ya Phoenix, ing'oe kwenye baiskeli, iwekee mikanda ya mabega na mkanda mpana wa kiuno, vaa. Ule mfuko wa nailoni unaouona hapo ni kitu cha ziada tu, umeshikwa na pini, unautoa dakika mbili unabaki na fremu tupu, na kwenye fremu tupu unafunga chochote, iwe gunia, iwe jenereta, iwe paja la elki. Unakumbuka yule jamaa alikuwa anatoka Makere na magunia matatu ya mkaa na juu yake kafunga mbuzi? Angekuwa na begi la zipu angeweka wapi yule mbuzi?

Alafu uzito hauko mabegani, uko kiunoni. Hapo mi ndo nilishangaa siku ya kwanza. Mama zetu kule Fizi, Kongo, walikuwa wanabeba kuni kwa mkanda wa paji la uso, shingo yote inaumia, sisi kule kambini tukabeba kichwani na ngata, na siku zote nilijua mzigo ni shingo au bega hamna njia nyingine. Kumbe ukikaza mkanda kwenye mifupa ya nyonga, miguu ndo inabeba, bega linashika tu mzigo usianguke nyuma. Na kwa vile fremu imesimama wima na ni ngumu, uzito unashuka moja kwa moja mpaka kwenye mkanda, haulegei njiani.

Kuna mzee mmoja mzungu tunafanya naye kazi, ndo alinifundisha kuwinda, ye ana historia za hivi vitu kama mtu anavyojua ukoo wake. Anasema zamani kabisa, miaka ya 1920, wawindaji wa huku magharibi walikuwa wanabebea fremu za mbao na turubai zinaitwa Trapper Nelson, jamaa aliyezitengeneza alipata wazo Alaska. Babu yake alikuwa nayo, ipo mpaka leo gereji kwake, nzito kama mlango. Ndo baadae huyo Dick Kelty, fundi seremala wa Glendale, California, mwaka 1952 akaanza kutengeneza za alumini nyumbani kwake, ye anakunja mabomba mkewe anashona mifuko. Ndo aliyefanya huo mkanda wa kiuno uwe kitu cha kawaida. Mi hiyo stori ya mke kushona ndo nilioipenda, maana ni kama wewe na shemeji mlivyoanza kibanda. Jeshi nao miaka ya 70 wakatoa ya kwao, inaitwa ALICE, hiyo ukienda kwenye maduka ya vitu vya jeshi utaikuta, fupi kidogo ila inapiga kazi na unaweza kuifunga kibao chake cha chini cha kukalisha mzigo.

Sasa nikusimulie ya Novemba iliyopita ndo utaelewa nasifia nini na nasema nini kibaya, maana sitaki uje useme Baba Neema alinidanganya.

Tulimwangusha dume saa nne asubuhi, kama kilomita tano kutoka kwenye pikapu, theluji inafika katikati ya muundi. Fundi, yule mnyama akiwa mbali anatembea unaona ni mbuzi mkubwa tu, ukifika pale amelala unaona ni ng'ombe. Ng'ombe kabisa! Nikamwangalia mzee, mzee akaniangalia, akasema sasa ndo kazi inaanza. Hatukumpasua tumbo, kuna namna ya kumtoa nyama ukiwa umemlaza ubavu, unachuna upande mmoja, unatoa paja, unatoa mkono, unatoa sarara ya mgongo na nyama ya shingo, unamgeuza unafanya upande wa pili, na utumbo unabaki ndani, ila ile sarara ndogo ya ndani unaingiza mkono nyuma ya mbavu unaivuta. Masaa matatu, vidole havifungi.

Safari ya kwanza kila mtu paja moja. La kwangu nililipima baadae nyumbani, kilo 29 na mfupa wake. Mzee ana begi la kisasa, la bei hiyo hiyo unayotaka kununua wewe na zaidi, nyama inakaa katikati ya fremu na mfuko. Mi na Kelty yangu ya dola 12 na mipira. Nakwambia mipira, ile mipira ya tyubu ya baiskeli tuliyokuwa tunakata vipande virefu vya kufungia mzigo, nilikata mitatu kabla ya msimu, mzee akacheka akasema kwanini usinunue mikanda ya kawaida, nikamwambia subiri. Ule mpira ukiuvuta ukazungusha hata nyama ikipungua au ikihama yenyewe inakaza. Mkanda wa nailoni ukilowa damu unateleza, mpira hauna habari hiyo.

Tukashuka vizuri kilomita mbili. Alafu kuna gogo limelala njiani, nikanyanyua mguu kulivuka, nikasikia tak! upande wa kushoto, mzigo wote ukanidondokea bega la kulia, nikakaa kwenye theluji kama mtoto. Pini ya mkanda wa kiuno imekatika. Kapini kadogo kama kidole cha mtoto, kanashika mkanda kwenye fremu kwa karingi, kale karingi kalishalegea sijui tangu mwaka gani mi sikuangalia. Kosa langu, sio la fremu. Nilifanya nini? Nikatoa waya kidogo niliokuwa nao mfukoni nikapitisha kwenye tundu, nikasokota na koleo la kisu, nikaongeza mpira juu yake, tukaendelea. Na hapo ndo nilikukumbuka we Fundi, kwamba kitu ambacho unaweza kukitengeneza ukiwa umekaa kwenye theluji na vidole vimeganda hicho ndo kitu cha maskini. Lile la mzee kikikatika kifungio chake cha plastiki, utalifanyaje?

Ila niseme ukweli, mzee alinitangulia. Sehemu za kukata ubavuni mwa mlima, pale njia imelala upande, fremu ya nje inayumba, mzigo uko juu unataka kukupeleka bondeni, mi natembea kama mlevi na fimbo mbili, ye begi lake limemganda mgongoni anakwenda tu. Hilo siwezi kukataa. Na kwenye vichaka vizito ile mirija ya juu inakamata kila tawi, unarudi nyuma unajikwamua, unaenda hatua tatu inakamata tena, unaweza kutukana.

Kelele nazo. Fremu kavu inalia kii kii kii kama baiskeli isiyo na grisi, na elki ana masikio kama sahani. Paka nta ya mshumaa kwenye kila kiungo na kila pini. Alafu mirija ya juu kama iko wazi, upepo ukipita inapiga filimbi, nusu siku nilikuwa nadhani ni ndege! Ziba na kizibo au utepe wa gundi. Na bunduki isiguse alumini, inagonga kama kengele ya kanisa. Mi kwa kweli siku hizi kama siendi mbali zaidi ya kilomita tatu naiacha fremu kwenye gari, nawinda na kabegi kadogo kenye kisu, maji, mifuko ya kitambaa ya nyama na kamba, nikipata ndo narudi kuifuata. Ni safari moja zaidi lakini unatembea kimya na mwepesi.

Kufunga, sikiliza hapa. Paja lenye mfupa lifunge wima, kisigino juu, upande mnene ulale karibu na mgongo wako kabisa, uzito ukae usawa wa mabega yako usiuache chini kiunoni, isipokuwa unapita ubavuni mwa mlima hapo ushushe kidogo. Ukitoa mfupa unapunguza kilo kadhaa, sawa, lakini nyama isiyo na mfupa inatiririka chini ndani ya mfuko kama unga kwenye gunia lililofunguka, inakaa pale matakoni inakuvuta nyuma njia nzima. Kwahiyo ukitoa mfupa, gawa kwenye mifuko midogo, pakiza kama matofali, kaza kila safu na mpira wake. Na kabla ya kutoa chochote soma kile kitabu cha sheria cha Idaho, huko kwenu wanataka alama ya jinsia, ya kuonyesha ni dume au jike, ibaki imeshikana na nyama mpaka uifikishe, na kuacha mapaja, mikono au sarara porini ni kosa, sio kama utachagua vipande vizuri ukaondoka.

Ukienda kununua usiangalie uzuri wa rangi. Pindua, angalia weldi zote kwenye maungio, kama kuna mstari mweusi mwembamba hiyo ni ufa, achana nayo. Angalia ule wavu wa mgongoni umekaza, mkanda wa kiuno sponji yake haijawa unga, maana za zamani sana sponji inakufa, ila mkanda unaweza kununua mpya ukaweka. Weka kitu kizito ndani, hata viatu vya hapo dukani, vaa, kaza kiuno, ukiweza kupitisha mkono kati ya mkanda wa bega na bega lako basi urefu ni wako. Wenyewe watakuangalia, we vumilia.

Safari ya pili na ya tatu tulifanya kesho yake. Na huku kuna dubu, grizzly, kwahiyo nyama iliyobaki tuliivuta mbali na mzoga, tukaitundika sehemu ya wazi ambayo ukirudi unaiona kwa mbali, na tulirudi tunaongea kwa sauti, mi naimba nyimbo za kwaya, pilipili ya kumpulizia dubu mkononi sio ndani ya begi. Hakuja. Kunguru tu walikuwa wamefika kabla yetu.

Kilo kama 90 tuligawana nusu kwa nusu. Mama Neema alipika ya shingo na sombe (kisamvu), masaa manne jikoni, na ugali, akaita majirani wa kutoka kule wote, mzee naye akaja na mkewe, akala kwa mkono, akasema miaka yote hiyo shingo alikuwa anasagisha tu. Friza ikaisha Machi.

Sasa ndani ya bahasha: pini nne na ringi nne mpya, ni zile zile zinaingia Kelty na nyingine nyingi za zamani, gharama ni hela ya soda. Badilisha zote siku unayonunua, usisubiri gogo. Na kuna kipande cha tyubu cha kuanzia, vingine utakata mwenyewe, we ndo fundi. Ukishapata fremu nitumie picha ya upande wa nyuma kabla hujalipa kama una wasiwasi, nitakujibu hata nikiwa kazini. Na umwambie shemeji sombe yenu ya Boise tunasikia ni bei rahisi kuliko huku, ukija mwezi wa kumi na mbili uje na boksi.

Wako,
Baba Neema