Risala ya Wazazi na Vijana Wazungumzaji wa Kiswahili wa Kaunti ya Johnson, Iowa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mjumbe wa Bodi ya Kaunti. Wazee wetu, walimu, wazazi na vijana wenzetu: tunawasalimu nyote.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Wengi wetu asili yetu ni Kongo na Burundi. Leo tumeona tukueleze jinsi watu wanavyohama ndani ya jimbo hili, maana jambo hilo linagusa riziki yetu.

Iowa ina kaunti 99. Kati ya sensa ya 2010 na ya 2020, kaunti 68 zilipungukiwa watu, ingawa jimbo zima liliongezeka. Chanzo ni cha zamani. Mashine zilipokuwa kubwa, eneo lililolimwa na familia kadhaa likabaki na familia moja. Kisha miaka ya 1980 riba ikapanda, bei ya ardhi ikaporomoka, na wakulima wengi wakapoteza mashamba yaliyowekwa rehani. Kijana wa shamba akienda chuo Ames au hapa Iowa City, mara nyingi harudi. Watu wanazidi kujaa kaunti za Polk, Dallas, Linn na hapa Johnson, iliyopanda kutoka watu 130,882 hadi 152,854.

Tena kaunti kukua si kila mji kunufaika. Dallas iliongezeka kwa nusu nzima katika miaka hiyo kumi, lakini zaidi ni upande wa Waukee na West Des Moines. Perry imo kaunti hiyohiyo, na mwaka 2024 kiwanda chake cha nyama ya nguruwe cha Tyson kilifungwa; watu wapatao 1,300 wakakosa kazi. Tuliumia nao.

Nasi tumo katika uhamaji huo. Wengi wetu tulipokelewa kwanza majimbo mengine, Texas au Kentucky, hadi ndugu akapiga simu: njooni huku, kazi ipo na kodi ya nyumba inalipika. Kwa takwimu za Marekani, huo nao ni uhamaji wa ndani.

Lakini wapo wasioonekana katika hesabu hizo. Zamu ya kiwandani Columbus Junction, Kaunti ya Louisa, ikikaribia, gari moja dogo hupita nyumba kwa nyumba hapa kwetu Coralville likichukua watu watano, kila mmoja na buti zake za mpira na mkebe wa chakula, wamechangia mafuta. Hurudi usiku wa manane. Januari barabara huwa barafu tupu, na mama hapati usingizi mpaka asikie mlango. Louisa ilishuka kutoka watu 11,387 hadi 10,837, na hawa wanaoingia huko kila siku kufanya kazi wangefurahi kuhamia. Wanakwama kwenye nyumba: za kupanga ni chache, na ya kutosha familia ya watoto sita ni adimu mno.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa, ukae na wenzako wa Louisa mjadili usafiri wa wafanyakazi kati ya kaunti hizi mbili, kabla theluji haijaanza, pamoja na ujenzi wa nyumba kubwa za kupanga. Tunaomba pia matangazo ya nyumba na shule yatolewe kwa Kiswahili. Vijana wetu wako tayari kutafsiri, na orodha yao tunakukabidhi pamoja na risala hii.

Mheshimiwa, karibu uzungumze nasi.